Kadari, au Uzembe wa Mganga?

Swali nililoulizwa kule Busia, katika nchi ya Wamarachi, nimeona nilifikishe kwenu, na hasa kwa akina mama, kwani wao ndio wakaao kitandani na mtoto na kuona yasiyoandikwa.

Familia moja ya Waislamu ilinitaka niwaamulie. Mtoto wao alizaliwa salama, lakini kabla hajatimiza siku moja mama aliona macho yake yamekuwa manjano, akamwambia muuguzi. Akajibiwa amwanike jua la asubuhi. Siku ya pili, jibu lilikuwa lilelile. Siku ya tatu mtoto aliacha kunyonya, akalegea, akilia kwa sauti kali. Ndipo akatolewa damu ya kupimwa na kulazwa chini ya taa ya buluu. Leo ana miezi mitano na hasikii. Hospitali siitaji, wala upande wa mpaka ilipo.

Wazee walikwisha kupitisha lao: ni kadari, watu wanyamaze. Kukhu wa mtoto, ndivyo Wamarachi wamwitavyo nyanya, alikuwa mkali zaidi kuliko wote. Mama mtu aliniambia kwa upole, "Shekhe, kadari naikubali. Nataka kujua kama walifanya kazi yao."

Hapo alisema kweli, maana kuamini kadari hakumwondolei mtu dhamana ya kazi yake. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa hadithi ambayo maana yake ni kuwa anayejitia kutibu, naye hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara. Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Maad, aliwagawa matabibu mafungu matano. La kwanza ni la mjuzi aliyeipa kazi haki yake, na mkono wake usivuke mpaka: huyo hana dhamana, hata mgonjwa akifa. Hili nalo mama alipaswa kulisikia. Madhara peke yake si ushahidi wa uzembe.

Mahakama za Kenya hazipo mbali na hapo. Huuliza kama hospitali ilikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kama wajibu ule ulivunjwa, na kama madhara yametokana na kuvunjwa huko. Kipimo ni tabibu wa kawaida mwenye ujuzi, si yule bingwa wa mabingwa.

Sasa tutazame manjano yenyewe. Watoto wachanga wengi huyapata siku ya pili au ya tatu, yakapita yenyewe. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dalili ya hatari, na damu hupimwa bila kungoja ili kujua kiasi cha bilirubini. Jua la dirishani si tiba yake. Bilirubini ikizidi huingia ubongoni, ikaharibu usikivu au ikalemaza viungo. Basi ikithibitika kuwa muuguzi aliambiwa siku ya kwanza na damu isipimwe hadi ya tatu, kwangu mimi wajibu umevunjwa. Kama muuguzi yule alikuwa peke yake na wodi nzima, lawama impandie aliyempanga hivyo.

Lakini uziwi una milango mingi: urithi, maradhi ya mimba, hata baadhi ya dawa kama jentamisini. Kwa hiyo swali la tatu silijibu mimi. Lajibiwa na daktari bingwa wa watoto, asiye wa hospitali ile, akiwa na faili mkononi na tarakimu ya bilirubini mbele yake. Nilikataa kutoa fatwa, na kukhu akanitazama kama mtu aliyenyimwa chai.

Yapo pia mabaya ambayo hayahitaji daktari wa kuyapima. Jirani zao Bungoma, mwaka 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali, akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuamuru aombwe radhi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Cha 53 kinamtaja mtoto waziwazi.

Jambo moja niliwahimiza: muda. Dai la fidia dhidi ya serikali ya Kenya lina miezi 12 tu. Dhidi ya hospitali ya binafsi, kwa uzembe, miaka mitatu. Wakili aulizwe mapema, si baada ya arobaini ya vikao vya ukoo. Malalamiko juu ya daktari hupelekwa kwa baraza la madaktari la nchi alikotibia. Aliyezalia ng'ambo ya Uganda asipoteze nauli ya Nairobi.

Tulikaa jioni ile tukaandika barua ya kuomba nakala ya faili: mapokezi, karatasi za uangalizi wa kila siku, majibu ya damu na saa yalipotoka. Baba alitia sahihi. Mama aliongeza mstari wake mwenyewe, akiuliza iwapo siku hizi mtoto akionekana wa manjano siku ya kwanza hupimwa damu. Kukhu aliomba asomewe barua mara mbili, kisha akasema ataipeleka yeye.