Mkazi na Mzaliwa

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili nilikuwa mkali wa maneno. Mwanafunzi akiweka neno lisilostahili, wino mwekundu haukumsamehe. Lakini kuna neno moja la mkono wangu mwenyewe ambalo sikulisahihisha. Limo katika barua niliyoiandika Agosti 2013, kijijini kwetu Kyerwa, kwa hati nzuri na bila futo hata moja.

Aliyenijia ni jirani yangu. Sitamtaja jina. Tulisoma naye darasa moja la shule ya msingi, enzi ambapo kila mtoto alitakiwa awe shuleni, tukikaa watatu watatu kwenye dawati moja. Alizaliwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, chini ya mgomba unaoonekana kutoka barazani kwangu. Vita vya Kagera vilipotukuta mwishoni mwa 1978 tulikuwa watoto wa miaka kumi, na usiku tulilala na mama zetu vichakani kwa hofu ya majeshi ya Amin. Hakuna aliyeulizana asili. Siku zile hata redioni kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mkulima, ndugu mwalimu, ndugu waziri.

Wazazi wake walivuka Mto Kagera kutoka Rwanda baada ya machafuko ya 1959. Hilo kila mtu alilijua, kama tunavyojua nani ana kisima na nani hana.

Niwaeleze kidogo wasomaji wa mbali. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Magharibi yetu ni mto, ng'ambo yake Rwanda. Kaskazini ni Uganda. Watu wamekuwa wakivuka huku kabla mipaka haijachorwa. Mzungu Speke alipofika Karagwe mwaka 1861, mfalme Rumanyika alimkaribisha akakaa kwa wiki kadhaa. Baadaye walikuja vibarua, wafugaji, na wakimbizi wa vipindi mbalimbali. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, wilaya ya Ngara, kwa muda wa siku moja hivi. Desemba 1996 waliambiwa warudi kwao, na 2006 kukawa na timuatimua nyingine. Kwa hiyo yaliyotokea 2013 hayakuwa mageni. Yalikuwa na jina jipya tu.

Mei mwaka ule, kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Rais Kikwete alishauri nchi jirani, Rwanda ikiwamo, zizungumze na waasi wanaozipinga. Kigali ilikasirika sana. Askari wetu nao walikuwa wakiingia Kongo kupambana na M23. Sisi wa mpakani huzisoma habari za wakubwa kwa namna moja tu: nani atahamishwa? Julai Rais akafika Kagera, akawapa waliokuwa nchini bila kibali wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Nisiwe mwongo: ujambazi ulikuwepo. Mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kupita misituni, na wafugaji na wakulima waligombana hadi kumwaga damu. Serikali ilikuwa na haki ya kulinda raia wake. Lakini kimbunga, kwa maana yake, hakichagui paa. Na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza katika ibara ya 12 kuwafukuza kwa mkumbo hata wageni halisi. Sembuse mtu aliyezaliwa chini ya mgomba wa jirani yako?

Basi alikuja jioni, ndani ya zile wiki mbili. Alikataa kiti, akakaa mkekani na mke wangu.

"Mwalimu," alisema, "wanasema anayetaka kubaki awe na barua. Wewe ndiye unayejua kuandika."

Wakati ule vitambulisho vya taifa vilikuwa havijatufikia. Watu wengi wa vijijini walijulikana kwa kujulikana. Barua ingeandikwa nami, kisha apelekewe mwenyekiti aitie mhuri.

Nikachukua karatasi. Nikaandika kwamba ninamfahamu mtajwa hapo juu, kwamba ni mtu mwenye tabia njema, na kwamba ni… Hapo kalamu ikasimama. Neno la kweli lilikuwa "mzaliwa". Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikitia sahihi, na nyanya yangu mzaa mama naye alitoka ng'ambo ya mto. Nikaandika "mkazi".

Wapenzi wa lugha watanielewa upesi. "Mzaliwa" amebeba kauli ya kutendwa: hakujizaa, hakuchagua, wala hawezi kuambiwa alitenguetengue. "Mkazi" ni mtendaji. Amekaa, na aliyekaa aweza kuambiwa ainuke. Neno "mhamiaji" nalo ni la mtendaji, na bado lilibandikwa kwa watu ambao hawakuwahi kuhama hata kitongoji. Kisha likaongezwa "haramu". Tendo laweza kuwa haramu, na nyama pia. Sisi tukalivisha watu wazima na watoto, tukalitamka kwenye taarifa ya habari bila ulimi kukwama. Hata "raia", kwa asili yake ya Kiarabu, ni kundi lililo chini ya mchungaji. Nimelifikiria sana hilo, maana huku kwetu kila mtu anajua mchungaji huhesabu vipi ng'ombe wake.

Jirani yangu aliisoma barua taratibu. Alikuwa hodari wa kusoma kuliko mimi tangu utotoni. Alifika kwenye lile neno, akaniangalia, kisha akaikunja mara nne.

"Ahsante, Mwalimu."

Hakuipeleka kwa mwenyekiti. Siku ya tatu aliondoka na wanawe wawili, wakishika njia ya Bugene kwenda Benaco na Rusumo. Maharage yalibaki juani, hayajapurwa. Katika hesabu yuko, nadhani, miongoni mwa walioondoka "kwa hiari". Hiari yashinda utumwa, husema wahenga. Hawakutuambia hiari ya wiki mbili inashinda nini.

Nimejaribu mara nyingi kulitungia jambo hili shairi. Nikianza na kina cha "-zi", kinanijia kwa urahisi wa aibu: mkazi, mkimbizi, machozi. Nikibadili niweke "-wa", vinakuja vitenzi vya kutendwa vyote kwa pamoja, kupelekwa, kuhesabiwa, kusahauliwa, hadi shairi zima linakosa mtenda. Ndiyo maana leo nimeandika nathari. Nathari imenilazimisha niseme "niliandika".

Mwaka 2016 nilipigiwa simu na namba ya Rwanda. Alikuwa yeye, Kiswahili chake kilekile cha darasani. Aliuliza hali ya mke wangu, akauliza kama mnyauko umeifikia migomba yake, akauliza senene wa mwaka ule. Nikamwambia migomba ameikata mtu mwingine, amepanda kahawa. Akanyamaza kidogo.

"Na ile karatasi ninayo," akasema. "Ndiyo pekee yenye jina langu na la kijiji pamoja."

Nilitaka kumwambia airudishe niiandike upya. Salio lake likaisha kabla sijatamka.