Kijiti Kutoka Muscat

Mimi ni mtu mwenye ualbino, na mwaka huu ninatimiza miaka 54. Naanza na hilo ili msomaji aelewe mapema kwamba nitakapotaja mafuta ya kujikinga na jua sitakuwa nazungumzia urembo. Kaka yangu, ambaye naye alizaliwa kama mimi, alichunga ng'ombe wa baba tangu utotoni, kichwa wazi, kwa kuwa hakuna aliyetuambia vinginevyo. Alipofika miaka 19 alitoka kidonda juu ya sikio la kushoto. Mama alikipaka samli, akakipaka mafuta ya mgando, akakitia dawa za mitishamba. Kaka alifariki mwaka 1990, akiwa na miaka 24, na kwa siku nyingi kabla ya hapo alikuwa akifunika upande ule wa kichwa kwa kitenge ili sisi wadogo tusione.

Kwetu ni Ipililo, wilaya ya Maswa. Zamani tulihesabiwa kuwa watu wa mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 tumo katika mkoa wa Simiyu, na makao makuu yetu ni Bariadi. Tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, kwenye uwanda ulio juu ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nchi yenyewe ni mashamba ya pamba, mtama na mahindi, na miti ni michache. Mtu akitoka nyumbani asubuhi kwenda shamba, kivuli atakachokutana nacho njiani ni cha mwembe mmoja au mgunga mmoja, na chini yake keshakaa mwingine. Jua la huku halina msimu wa kupumzika. Mwezi wa 6 upepo unavuma na hewa inakuwa baridi kidogo, watu husema jua limepoa. Lililopoa ni joto, lakini miale inayounguza ngozi ipo vilevile.

Sasa basi. Mwanzoni mwa mwezi wa 5 mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo, akaniletea zawadi. Ilikuwa kijibomba cha plastiki kisichozidi kidole gumba kwa unene. Ukikizungusha kitako, mafuta magumu yanachomoza juu kama rangi ya mdomo, meupe, yameshikana kama nta ya mshumaa. Kwa nje yameandikwa herufi SPF na namba 50, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, gramu 15.

“Shangazi,” akaniambia, “achana na yale makopo. Wenzio siku hizi wanapaka hiki, wanatia mfukoni, wanaondoka.”

Lazima nikiri kwamba nilikipenda siku ileile. Anayetumia mafuta ya maji kila siku atanielewa. Mafuta yanateleza vidoleni, na ukitoka nayo nje vumbi la Maswa linakuganda usoni mpaka unafanana na mtu aliyetoka kusaga unga. Jasho likishuka, mafuta yanaingia machoni, na macho yetu watu wenye ualbino yana matatizo yake ya kutosha hata bila kuwashwa. Kijiti hakina hayo. Kinapita, kinaacha ngozi kavu inayong'aa kidogo, mikono inabaki safi kushika chaki. Nilikuwa nikikipaka darasani mbele ya wanafunzi, kama mtu anayefuta miwani. Kila asubuhi nilikipitisha mara moja usoni, mara moja shingoni, na mara moja kila mkono, basi, kazi imekwisha mpaka kesho.

Shule zilipofungwa mwezi wa 6 nilikwenda kuvuna pamba yangu. Kwa miaka yote nimekwenda shamba nikiwa na kofia pana, kanga shingoni na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo. Siku hiyo nilijipaka kijiti, nikakunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyenishauri. Nilihisi nina kinga ya namba 50 mwilini, ya nini kujifunika kama mgonjwa? Nilianza saa 3 asubuhi na kurudi saa 8 mchana.

Usiku nililala mikono nimeitandaza juu ya shuka lililoloweshwa maji. Asubuhi nilipoitazama kwenye mwanga nilicheka kwanza, halafu nikaacha kucheka. Mikono ilikuwa na mistari. Palipopita kijiti palikuwa na mfereji mweupe. Kando yake, mahali ambapo kijiti hakikugusa, palikuwa na mfereji mwekundu uliovimba. Kisha mweupe tena. Kila kosa la mkono wangu lilionekana. Nilipoinua kijiti kabla ya kufika kwenye kifundo, wekundu ulianzia hapohapo. Nimesahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu kwa miaka mingi, sikuwahi kusahihishwa namna ile. Ila kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hata ile mistari myeupe, nilipoitazama kwa miwani, haikuwa myeupe kweli. Ilikuwa ya waridi. Hata palipopakwa, jua lilipita.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nikaona nifanye hesabu. Namba inayoandikwa juu ya mafuta haya haitoki hewani. Maabara hupaka ngozi ya watu kiasi maalumu, miligramu 2 kwa kila sentimeta moja ya mraba, kisha hupima ngozi hiyo inachukua muda gani kuanza kuwa nyekundu ikilinganishwa na ngozi isiyopakwa. Namba 50 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya 50 ya miale inayounguza ndiyo inayopita. Lakini ni kwa kiasi kile cha maabara. Ukipaka nusu ya kiasi hicho, usitarajie zaidi ya nusu ya kinga, na pengine usiipate hata hiyo. Wengi wetu, kwa mafuta ya namna yoyote, hatupaki hata nusu.

Nilichukua futikamba ya fundi cherehani nikajipima uso, masikio na shingo, mbele na nyuma. Nilipata kama sentimeta za mraba 600, na siwezi kuapa kwamba pua niliipima vizuri. Ukizidisha kwa miligramu 2 unapata gramu 1.2 kwa kupaka mara moja. Kijiti changu cha gramu 15 kingetosha kupakwa mara 12 na kubaki na kipande kidogo. Na kwa kuwa aliye juani anatakiwa kurudia kupaka kila baada ya saa 2, mtu anayepaka mara 3 kwa siku angekimaliza kwa siku 4.

Changu kilikuwa kimedumu siku 35, na kilipakwa mpaka mikononi.

Gawanya mwenyewe: ni chini ya nusu gramu kwa siku, mahali palipohitaji gramu 1.2 kila mara kwa kichwa na shingo tu. Nilikuwa nafurahia jinsi kilivyokuwa hakiishi, na kumbe kutokwisha kwake ndiyo dalili kwamba sikuwa nimejikinga. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa kijiti kikilinganishwa na mafuta ya maji. Mafuta ya maji unayaona kiganjani, unajua umechukua mengi au machache. Kijiti hakikuonyeshi umeacha kiasi gani. Kinateleza vizuri, ngozi inang'aa, na moyo unaridhika kabla ngozi haijashiba.

Haimaanishi kwamba kijiti ni kitu cha bure. Ndani yake mna dawa zilezile zinazotiwa kwenye mafuta ya maji, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2019, iliviweka vijiti pamoja na losheni na krimu katika maumbo yanayokubalika, ila kwa unga wa kupaka ikasema inahitaji ushahidi zaidi. Tatizo ni mkono unaokishika. Wataalamu hushauri kukipitisha mara nne mahali palepale, kwenda na kurudi, kisha kusambaza kwa vidole ili kuziba ile mifereji. Nilipojaribu hivyo, mikono yangu ikawa inanata kama zamani, na wepesi wote ulionivutia ukaondoka. Kujikinga sawasawa kuna usumbufu wake, haijalishi mafuta yamefungwa namna gani.

Mafuta ninayotumia siku zote ni ya Kilisun. Yalianza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa juhudi za mfamasia mmoja Mhispania, Mafalda Soto, kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Sisi tulioyatumia tunajua thamani yake. Mwaka 1985 Daktari Jeff Luande na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 350 wenye ualbino mjini Dar es Salaam, nao waliona kwamba ngozi ilikuwa imekwisha kuharibiwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Mwaka wa kwanza! Yaani mtoto akiwa bado mgongoni mwa mama yake, miguu ikining'inia nje ya mbeleko. Dunia ilisikia habari zetu za Kanda ya Ziwa kwa sababu ya mapanga na waganga wapiga ramli, na ni haki isikie. Jua halikamatwi wala halifikishwi mahakamani, na ndilo lililomchukua kaka yangu.

Nisingeandika haya yote kama jirani yangu asingebisha hodi. Ana binti wa darasa la pili, mwenzangu. Mama huyu hulima vibarua, na kopo la mafuta la mtoto hupatikana wahudumu wa kliniki ya ngozi wanapopita. Wakichelewa, mtoto hukaa bila. Alikuja asubuhi, kopo mkononi.

“Mwangaluka, Mwalimu.”

“Mwangaluka, mayu. Karibu.”

Alikaa, akazunguka na maneno ya mvua na bei ya pamba, kisha akafika alikokuwa akienda. Mtoto hataki tena kopo. Wenzake shuleni wanamcheka akipaka, wanamwita andazi kwa kung'aa mafuta. Ameona kijiti changu, anakililia. Je, Mwalimu hawezi kuchukua kopo hili, bado limejaa zaidi ya nusu, akampa mtoto kile kijiti?

Nilikitazama kijiti pale mezani. Kilikuwa kimebaki kidogo. Ningeweza kumpa, mtoto akafurahi, akakipitisha usoni mara moja kama mimi, akakimbilia uwanjani kwa furaha ileile iliyonifanya nikunje mikono ya shati. Na mama yake angepata amani kwamba mtoto kapakwa. Hiyo amani ndiyo niliyoiogopa. Isitoshe, kwenye gulio wanauza vijiti vya kulainisha midomo vyenye umbo hilohilo, vyenye harufu ya matunda, ambavyo vingi havina kinga yoyote ya jua. Kijiti changu kikiisha, angenunua kile, na kwa macho asingeona tofauti.

Nilimkunjulia mikono. Mistari ilikuwa imeanza kubabuka. Akaishika, akaigeuza huku na huku, hakusema kitu kwa muda.

“Na hiki ndicho cha Ulaya?”

“Cha Muscat, mayu. Ila kosa ni langu.”

Tukakubaliana hivi: kopo linabaki kwa mtoto, na kila asubuhi kabla ya shule anapakwa nalo nyumbani, uso, shingo, mikono na miguu, kwa wingi, bila kubania. Kofia na sketi ndefu havijadiliwi. Kijiti nampa, lakini ni kwa ajili ya midomo, pua, chini ya macho na ukingo wa masikio tu, sehemu ambazo mafuta ya maji hutiririka na kuondoka na jasho. Sehemu hizo ni ndogo, hata kijiti kidogo kitazitosha. Hapo, kusema kweli, sijaona mafuta yaliyokipita. Kinashika kwenye mdomo na hakiingii machoni. Na akitumie shuleni wakati wa mapumziko ya saa 4, mbele yangu, mara nne kila mahali.

Mimi nimerudia shati la mikono mirefu. Kuna kipele juu ya sikio langu la kulia ambacho hakikuungua siku ile, kilikuwapo kabla. Kwa kuwa ni sikio, nimepanga kwenda Bugando kabla ya mwezi kuisha wakakiangalie. Sikumwambia jirani.

Shule zilipofunguliwa yule mtoto akaja mezani kwangu saa 4 kama tulivyopatana, kofia mkononi, kijiti mfukoni mwa sketi, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Midomo. Pua. Chini ya macho, taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Sikio. Akafunika kijiti, akavaa kofia.

“Nimemaliza, Mwalimu.”

“Masikio mangapi?”

Akavua kofia.