Nyumba za Njombe na rangi ya chokoleti

Ukiingia Njombe wakati wa masika, utaona nyumba nyingi kama zimevaa soksi. Kuanzia chini hadi usawa wa dirisha, ukuta umepakwa kahawia iliyokoza, ile ambayo wengi huiita chokoleti. Juu yake ni krimu au nyeupe.

Sababu iko chini ya miguu. Udongo wa huku ni mwekundu, na maji yakidondoka kutoka kwenye bati hurusha tope ukutani. Ukuta mweupe haumalizi wiki. Wekundu wa udongo huo unatokana na kutu ya chuma, na rangi ya kahawia ya dukani kwa kawaida hutengenezwa kwa kutu hiyohiyo. Ndiyo maana tope likikauka juu yake halionekani sana: ni ndugu.

Ndani, mkanda huo hufuata korido na sebule, mara nyingi kwa rangi ya mafuta, kwa sababu hufutika kwa kitambaa na maji ya sabuni. Mwenye mtoto wa miaka miwili anajua vidole vyenye mchuzi huishia wapi.

Siku hizi wapo wanaoipandisha chokoleti hadi darini, kama walivyoona kwenye picha za simu. Sebule yenye madirisha makubwa hupendeza kweli. Chumba cha watoto ni habari nyingine. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai madirisha hufungwa kwa baridi, na chumba cha namna hiyo huhitaji taa saa nne asubuhi. Tena giza la ukuta huficha unyevu. Maji yakipanda kutoka kwenye msingi, rangi ya mafuta huyafungia ndani ya plasta, ukuta hutoa malengelenge, na kuvu huota nyuma ya kitanda. Kwenye krimu doa lingeonekana mapema. Kwenye chokoleti, mzazi huanza kushangaa kikohozi, na kwa mtoto mwenye pumu kuvu si jambo dogo.

Kazi ya kupaka nayo iangaliwe. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka madini ya risasi kwenye rangi yasizidi sehemu 90 kwa milioni, lakini nyumba ya zamani huenda ina tabaka zilizopakwa kabla ya hapo. Fundi akikwangua kwa msasa mkavu, vumbi hutua sakafuni, mtoto anatambaa, mkono unaingia mdomoni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mdogo hufyonza risasi aliyomeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo huathiri ubongo unaokua. Ukuta uloweshwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa, na watoto na mama mjamzito wahamie kwa bibi siku hizo.

Baridi ya huku huchelewesha rangi ya mafuta kukauka. Usiwashe jiko la mkaa chumbani ili iwahi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na mvuke wa thina hudaka moto upesi. Anza kupaka asubuhi, fungua madirisha, kisha subiri siku kadhaa, hadi kidole kikigusa ukuta kisinate.