Oili nimemwaga, taa inasema bado

Wadau, leo naomba tuzungumzie taa. Si za TANESCO, hizo tumeshazisema mpaka mate yamekauka. Nasema ile taa ndogo kwenye dashibodi ya pikipiki za kisasa, yenye alama ya spana, inayowaka kumwambia mwenye chombo kwamba muda wa sevisi umefika. Ukiiona mara ya kwanza unafurahi, unasema wenzetu wameendelea, hata pikipiki inajua kudai haki yake. Subiri ukabidhiwe ankara.

Mimi natembelea pikipiki kwa sababu ya kazi. Ukiwa mwandishi hapa Dar halafu unategemea daladala, mkutano wa Posta unaisha wewe bado uko Ubungo. Chombo changu ni cha Ulaya, nilikinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake hapa akarudi kwao. Jina la kampuni naliweka kapuni, la wakala pia, maana ninachotaka kusema ni kikubwa kuliko duka moja. Kitabu chake kinataka sevisi kila kilomita 10,000 au kila mwaka, chochote kitakachotangulia. Muda ulipofika spana ikawaka, nami nikaenda kwa wakala kama mteja mwema.

Ankara niliyopewa naiweka hapa kama ilivyo. Oili lita tatu, shilingi 180,000. Filta ya oili, 85,000. Kazi ya fundi, 360,000. Kuunganisha kompyuta na kufuta taa ya sevisi, 240,000. Hapo umefika 865,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 155,700, unapata shilingi 1,020,700. Milioni moja na ushee, jamani, kwa kumwaga oili!

Mstari wa nne niliusoma mara mbili. Nikamuuliza dada wa kaunta, "Dada yangu, hii laki mbili na arobaini ni ya nini hasa?"

"Hiyo ni ya mashine, kaka. Lazima ichomekwe ndiyo taa izimike."

"Inachukua muda gani?"

Akacheka kidogo. "Haichukui muda, kaka."

Nikamuuliza tena, je, nikija siku nyingine nimeshamwaga oili kwingine, mnaweza kunifutia taa peke yake? "Hapana kaka, hatufuti taa ya sevisi ambayo hatukuifanya sisi." Alinijibu kwa adabu kabisa, na najua si yeye aliyeutunga utaratibu huo. Nikalipa, nikaondoka na maswali yangu.

Sevisi iliyofuata nikaenda kwa fundi wangu wa Kinondoni, mzee ambaye ameshika spana tangu mimi sijazaliwa na ambaye anahudumia nusu ya bodaboda za mtaa wake. Nilinunua oili ya kiwango kilekile kilichoandikwa kitabuni, na filta halisi. Mzee akamwaga oili ya zamani, akaweka filta mpya na washa mpya kwenye nati ya kumwagia, akakaza mnyororo, akaangalia breki. Akanidai 40,000 ya mkono wake. Nikawasha pikipiki, spana hiyo hapo!

"Mzee, mbona bado inadai?"

"Mwanangu, oili nimeshamwaga, umeona kwa macho yako. Yenyewe ndiyo haijui."

Mzee alisema kweli tupu. Nilipoanza kuchokonoa jambo hili nikagundua kwamba kwenye pikipiki nyingi taa hiyo haijui chochote kuhusu oili. Haina kitu cha kupima kama oili imechoka au bado ina nguvu. Ndani ya kompyuta kuna hesabu mbili tu, ya kilomita na ya siku, tangu mara ya mwisho mtu alipozirudisha mwanzo. Zikifika kikomo, taa inawaka. Basi, hakuna kingine. Kwa hiyo unaweza kuweka oili mpya kabisa, na taa ikaendelea kukudai. Na mtu mwingine anaweza kurudisha hesabu bila kugusa hata nati moja, taa ikazimika, injini ikabaki na tope lake. Ukinunua pikipiki ya mkononi, likumbuke hilo kabla hujaiamini dashibodi.

Mwishowe nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa Mbezi, mpenzi wa pikipiki kubwa, aliyeagiza kifaa chake mwenyewe kutoka nje. Akakichomeka kwenye soketi iliyo chini ya kiti, akabonyeza simu yake mara tatu, spana ikapotea. Hata helmeti sikuwahi kuivua. Akachukua 20,000 "ya soda". Kazi ni ileile ya kwa wakala, sekunde ni zilezile, na bei ni mara kumi na mbili.

Kuna atakayesema, si ungeiacha tu iwake? Pikipiki si inatembea? Ni kweli, inatembea. Lakini mimi nilikaa na spana inawaka kwa wiki sita kabla ya kumpata yule kijana, na nawaambia jicho linazoea. Ikifika siku ya kumi huioni tena. Na kwenye dashibodi hiyohiyo ndiko iliko taa nyekundu ya presha ya oili, ile ambayo ikiwaka unatakiwa kusimama na kuzima injini papo hapo. Dereva aliyezoeshwa kupuuza taa moja, kupuuza ya pili hakumchukui muda. Bado hatujagusa siku ya kuuza, ambapo mnunuzi anaiona spana na kukukata bei, hata kama risiti zote za oili unazo mkononi.

Tena si kila kampuni inafanya hivi. Yamaha, kwenye skuta zake kama NMAX na XMAX, imeweka ukumbusho wa oili ambao mwenye chombo anaurudisha mwenyewe kwa vitufe, na maelezo yamo kwenye kitabu anachopewa pamoja na pikipiki. Kwa BMW nyingi lazima upate mashine ya uchunguzi, na pengo hilo ndilo lililoleta GS-911, kifaa kinachosoma hitilafu na kurudisha hesabu ya sevisi. Kinatengenezwa na HEX, kampuni ya Afrika Kusini, Waafrika wenzetu hao! Wenye Triumph nao wana programu ya simu iitwayo TuneECU. Sasa kama skuta inaweza kurudisha hesabu kwa kidole cha mwenyewe, pikipiki ya mamilioni inashindwa nini? Haishindwi. Kuna watu walikaa mezani wakaamua ufunguo huo ashike nani.

Sitaki kuwaonea mawakala. Wananunua mashine ghali, wanapeleka mafundi kusoma, wanalipa pango na kodi, na pikipiki ikiharibika ndani ya waranti wao ndio wanaoshikwa shati. Tena kuna kazi ambazo bei yake ni halali yake. Chukua Ducati za mfumo wa desmo, ambao mhandisi Fabio Taglioni aliupeleka kwenye pikipiki za Ducati mwaka 1956. Humo vali haifungwi na springi. Kuna mkono wa kuifungua na mkono wa kuifunga, kwa hiyo kila vali moja inapimwa nafasi mbili. Hiyo ni kazi ya masaa, ya fundi aliyefunzwa na mwenye subira. Mlipe fedha yake bila kununa.

Lakini hata hapo kiwanda kikitaka kumpunguzia mteja mzigo kinaweza. Mwaka 2020 Ducati hiyohiyo ilitangaza injini ya V4 Granturismo kwa ajili ya Multistrada V4, ikaweka springi za kawaida kwenye vali, na ukaguzi wa vali ukasogezwa mpaka kila kilomita 60,000. Ndiyo maana nasema jasho la fundi nitalilipia. Kubonyeza kitufe kwa bei ya kufungua injini, hilo nakataa.

Wenzetu mambo haya wameyafikisha kwenye sheria. Marekani wana Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, ambayo kwa kawaida hairuhusu kampuni kumwambia mteja kwamba waranti yake itakufa asipotumia spea zake au mafundi wake, kama vitu hivyo havitolewi bure. Na haikubaki kwenye makaratasi. Juni 2022 tume yao ya biashara, FTC, iliikalia kooni Harley-Davidson kwa sababu ya masharti ya namna hiyo kwenye waranti, ikaitaka iwaeleze wateja wazi kwamba kwenda kwa fundi huru hakuiui waranti. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 168 ya mwaka 2013 inayohusu vyombo vya magurudumu mawili na matatu, nayo inawataka watengenezaji wawape mafundi huru taarifa za matengenezo kwa ada isiyoumiza. Kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ipo. Ningependa sana kuisikia ikilizungumzia jambo la ufunguo wa kompyuta za vyombo vyetu.

Najua kuna mdau ameshaanza kusonya: "Huyu analia na pikipiki ya kitajiri, sisi tuna Boxer zetu, zinatuhusu nini spana za dashibodi?" Zinakuhusu, ndugu yangu, tena kuliko mimi.

Boxer nyingi zinazopita mtaani zina kabureta. Fundi chini ya mwembe anaifungua, anaipuliza, anairudisha, na wewe unaendelea na safari. Hamna mashine ya kuomba ruhusa. Lakini angalia zinakotoka. India ilipoingia kwenye viwango vya moshi vya BS-VI, Aprili 2020, pikipiki nyingi zinazouzwa huko zikaacha kabureta na kuingia kwenye nozeli inayoongozwa na kompyuta. Kinachozoeleka kiwandani kwao ndicho hatimaye kinachoshushwa bandarini kwetu.

Halafu kuna za umeme. Kigali wana Ampersand, Nairobi wana Roam na Spiro, na dereva anaweza kufika kituoni akatoa betri iliyoisha akapewa iliyojaa. Mimi naziunga mkono kwa mikono miwili. Hazina oili ya kumwaga, hazina moshi, hazina filta. Lakini zina kompyuta kwenye betri na kompyuta kwenye mota, na kwenye chombo cha namna hiyo kuna hitilafu ambazo spana peke yake haiwezi kuziona. Sasa mfikirie kijana wa bodaboda. Hana mshahara. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki ndicho unga wa nyumbani. Chombo kikigoma asubuhi, anahitaji kitengenezwe kabla ya mchana. Kikikaa siku tatu kinamsubiri mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato na neno la siri, tajiri hataki kusikia habari za programu. Anataka hesabu yake. Mimi nikikosa ufunguo napoteza laki mbili na kunung'unika. Yeye akikosa ufunguo, watoto wanalala na uji.

Ndiyo maana nasema tuyaseme sasa, kabla vyombo hivi havijajaa. Naona mambo matatu yanawezekana bila kumfilisi mtu. Kwanza, wakala aandike bei ya kufuta taa peke yake, ibandikwe ukutani, na amfutie yeyote mwenye risiti ya oili na filta. Pili, pikipiki ya biashara inayoingia nchini ije na njia ya mwenye chombo, au fundi wake, kusoma hitilafu na kurudisha hesabu ya sevisi. Hayo ya kubadili nguvu za injini au kugusa mfumo wa kuzuia wizi wabaki nayo wao, sina ugomvi. Tatu, vyuo vya VETA viwape vijana wa ufundi pikipiki mashine za uchunguzi waziguse kwa mikono yao, ili mtaa usibaki na mafundi wanaojua kila nati lakini dashibodi inawakataa.

Yule mzee wa Kinondoni nilimsimulia kuhusu kifaa cha kijana wa Mbezi. Aliniuliza swali moja tu, "Kinauzwa shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akahesabu kimya kimya, kisha akasema wakichanga mafundi wanne wanaweza. Hadi naandika haya, wameshapatikana wawili.

Naomba kutoa hoja.