Tajeni Majina Kwanza

Mdogo wangu alijifungua kwa operesheni ya dharura. Ganzi ilimshika kiunoni kushuka chini, masikio yakabaki wazi. Kabla ya kisu akawasikia wanatajana majina, mmoja mmoja, na kazi ya kila mtu. "Kaka, nikajua nimekwisha. Kumbe hawa hata hawajuani!"

Nilicheka, kisha nikafuatilia. Hatua hiyo imo kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008. Orodha ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ya Ifakara. Vifo vya waliopasuliwa vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Sasa jina linaokoaje mtu? Jibu analo mdogo wangu. Walipotaka kumshona, sauti ileile iliyojitambulisha kwa woga ilisema: "Daktari, hesabu haijatimia. Kitambaa kimoja hakipo." Wote wakasimama. Wakakipata.

Chumbani kwetu cha habari, mambo yakichacha, tunapiga kelele: "Mtu ahakiki hiyo!" Huyo Mtu hajawahi kuajiriwa. Na yule kijana wa mafunzo aliyeona kosa wiki jana akanyamaza, mpaka leo simjui jina.