Archimedes Kaishia Ufukweni

Ndugu msomaji, usinicheke: mimi nimerusha roketi zaidi ya mia moja, na nyingi zimelipuka. Narushia kwenye kompyuta, ndani ya mchezo uitwao Kerbal Space Program, uliotolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2011 na kampuni ya Squad ya Mexico. Unaunga chombo kipande kwa kipande, unakirusha kutoka sayari ya Kerbin, na mchezo unakupigia hesabu: uzito, mafuta yanayopungua, hewa inayokuzuia njiani. Ukikosea, unarudi chini kama nazi.

Kerbin ni kasayari kadogo, kutoka kitovuni hadi ardhini ni kilometa 600 tu, na hewa yake inakwisha kwenye kilometa 70. Lakini pale usawa wa bahari hewa hiyo ni sawasawa na ya kwetu: mita moja ya ujazo ina kilo 1.225. Namba hiyo uishike, maana ugomvi wote umeanzia hapo.

Ugomvi wenyewe ni baina yangu na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliye kidato cha tatu. Shuleni kwao fizikia ni chaki na ubao. Maabara ipo, ila ina kufuli. Kwa hiyo maabara yake ni kompyuta yangu. Kwenye mtihani wakaulizwa kwa nini puto la heliamu hupaa. Yeye akaandika kwamba hewa haiwezi kueleza kitu, maji tu ndiyo yanayoeleza. Akapata sifuri, akaja kwangu amevimba.

"Kaka, mwalimu hajui. Hili gemu wametengeneza watu wanaojua roketi. Mle hamna kitu kinachoelea hewani."

"Umejaribu?"

"Njoo uone."

Alichukua tangi la mafuta lenye upana wa mita 3.75 na urefu wa mita saba na nusu hivi, akalitoa mafuta yote, akalining'iniza kwenye nguzo za uwanja wa kurushia, akaliachia. Puu! Kisha akalipeleka tangi kama lile baharini. Likaelea, tena kwa maringo. Dogo akanigeukia kama wakili aliyeshinda kesi.

Na kwa upande mmoja alikuwa sahihi. Mchezo unajua habari za Archimedes vizuri. Kwenye toleo la 1.0.5, la mwaka 2015, waliziandika upya hesabu za kuelea majini, kila kipande kilichozama kikasukumwa juu kwa kadiri yake. Hewa ya Kerbin nayo imefundishwa mengi: kukwamisha, kubeba bawa linalokwenda kasi, kuunguza chombo kinachorudi kutoka juu. Kueleza haikufundishwa. Archimedes anaogelea mpaka ufukweni, anageuka.

Ila lile jaribio la tangi halikuthibitisha kitu, na hapo ndipo tulipobishana mpaka chai ikapoa. Tangi lile likiwa tupu lina tani 9. Ujazo wake ni kama mita 83, kwa hiyo hewa linayoisukuma pembeni ni kilo 101 hivi. Hata Mungu angeiwekea Kerbin hewa inayoeleza, tangi lingeanguka vilevile, labda kwa uvivu usioonekana kwa macho. Kulibeba kwa heliamu, ambayo kila mita ya ujazo inanyanyua kilo moja na ushee, ungehitaji puto lenye upana wa zaidi ya mita 25, na ngozi ya puto bado hatujaihesabu.

"Sasa kama ni kidogo hivyo, si ndiyo haipo?"

Swali zuri, nikampa Saturn V, roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini. Ilipokuwa uwanjani ilikuwa na tani 2,900 hivi. Tuipe kwa ukarimu ujazo wa mita 6,000: hewa iliibeba kwa tani 7 na kitu. Haifiki hata theluthi moja ya asilimia moja, na kadiri roketi inavyopanda hewa inapungua. Ningekuwa mimi mtengenezaji wa mchezo wa roketi, ningeiacha pia. Wewe mwenyewe, msomaji, ukiwa na kilo 65, hewa ya chumbani inakubeba gramu 80 hivi sasa. Umewahi kuzisikia?

Lakini kuachwa kwenye hesabu si kutokuwepo. Alfajiri pale Serengeti maputo ya hewa moto yanawapandisha watalii, na hayana bawa wala roketi. Nilipomtajia hayo, dogo alinyamaza, akavuta kiti karibu.

Ndani ya mchezo kuna sayari ya zambarau iitwayo Eve, ambako shinikizo la hewa chini ni mara 5 ya Kerbin. Kutua ni rahisi. Kutoka ni msiba, maana hewa inakula mafuta yote. Hapo wachezaji wengine walichoka, wakaandika wenyewe programu za nyongeza zenye maputo: chukua ujazo wa puto, zidisha kwa uzito wa hewa ya mahali ulipo, zidisha kwa mvutano wa sayari, elekeza juu. Basi. Unapanda polepole mpaka hewa iwe nyepesi, ndipo unawasha injini.

Na si ndoto. Juni 1985 vyombo vya Vega vya Urusi ya Kisovieti viliacha maputo mawili ya heliamu kwenye hewa ya Zuhura. Kila moja lilikuwa na upana wa mita tatu na nusu, na pamoja na mzigo wake lilikuwa na kilo 21 hivi. Yalisimama kwenye kilometa 54 juu, kwa sababu pale mita 23 za hewa ya Zuhura zina uzito ule ule, yakasafiri na upepo kwa saa 46 hivi.

Dogo alichukua kalamu, akaipiga hesabu hiyo mwenyewe, mara mbili. Kisha akaniuliza hizo programu za nyongeza zinaandikwa kwa lugha gani, na kama mtu wa kidato cha tatu anaruhusiwa.

"Nani akuzuie?"

"Basi nipishe hapo kwenye kiti, kaka."