Kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza njia

Malakiti, lile jiwe la kijani la Likasi na Kolwezi, husafiri mbali kuliko wengi wetu. Kila mwaka, toka mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari, utalikuta Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya vito na madini. Yalianza 1955 katika shule moja ya msingi. Leo ni masoko mengi yaliyotawanyika mji mzima: ukumbi wa mikutano katikati ya mji, hoteli ambazo vyumba vyake vinageuzwa maduka, na hema kandokando ya barabara kuu namba 10.

Shemeji yangu hatembei toka risasi ilipompiga mgongoni, wakati vita vilipotufukuza kijijini. Sasa yeye na dada yangu wanaishi Phoenix, kilomita kama 180 kutoka Tucson. Mwaka jana mchuuzi mmoja wa malakiti alimwomba amsaidie mezani siku 10, kwa kuwa anajua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Ilikuwa kazi yake ya kwanza toka afike huko. Asipoonekana mezani asubuhi moja, mwingine angeichukua. Dada anafanya kazi ya usiku, basi kupanga safari kukaniangukia mimi, kwa simu, kutoka hapa Uvira.

Kwanza, tuliacha kutafuta kitanda cha bei ndogo. Wakati wa maonyesho vyumba vinajaa na bei zinapanda, na watu wanakimbilia hoteli za mbali. Lakini akiba ya usiku inaliwa na teksi ya asubuhi na jioni, tena si kila teksi inabeba kiti cha magurudumu. Tuliuliza meza iko soko gani, kisha basi gani linapita hapo. Ndipo tukatafuta chumba kwenye njia hiyohiyo.

Pili, sheria ya Marekani ya 1990 inadai mji wenye mabasi ya kawaida uwe pia na magari ya kuagiza kwa wale ambao ulemavu unawazuia kupanda mabasi hayo. Huko Tucson yanaitwa Sun Van. Mgeni aliyekwisha kukubaliwa kwa huduma hiyo mjini kwake anaweza kuitumia hadi siku 21 kwa mwaka. Shemeji alikuwa na karatasi ya Phoenix, na siku zake 10 zilienea. Gari huagizwa angalau siku moja kabla. Sheria inalazimisha lifike tu sehemu zilizo karibu na njia za basi, kama kilomita 1.2, kwa hiyo hoteli iliyo mbali na njia inaweza kukuacha bila gari. Katikati ya mji kuna pia tramu, Sun Link: kiti kinaingia bila kubebwa na mtu.

Tatu, tulipiga simu hotelini. Moja ilisema ina chumba cha walemavu. Nikauliza upana wa mlango, na kama bafu lina ukingo wa kuruka. Lilikuwa nao. Nyingine ilituma picha ya bafu lenye sakafu sawa. Nikaomba waandike kwamba chumba hicho hasa kimewekwa kwa jina lake. Mchuuzi naye tulimwomba mapema aweke meza karibu na lami, maana kwenye changarawe magurudumu yanazama.

Jioni moja gari lilichelewa, akangoja saa nzima kwenye baridi ya jangwa. Hata hivyo alifika mezani siku zote 10, na mchuuzi amekwisha kumwita tena.

Hapa kwetu hatuna Sun Van. Lakini ninyi mnaopanga mikutano na mahali pa kugawia msaada, ulizeni swali lilelile: yule asiyetembea atafikaje? Na ninyi jamaa mliohama, kama nyumbani kuna mtu kama huyo, msingoje asubuhi ya siku yenyewe. Mwambieni kiongozi wa kambi mapema, jina lake liandikwe, pamoja na njia atakayopita na nani atamsukuma.